Hatuna Mgonjwa

Kivukoni Pangani palisimamishwa mbao mbili nyeusi, mmoja kila upande wa mto, zenye amri za foleni: gari lipi lipande pantoni kwanza na lipi lingoje. Madereva walizitukana amri zile asubuhi na jioni, lakini walizifuata, maana walijua ubao hauna shemeji. Kabla haujawekwa, kila mwenye binamu kwenye pantoni alivuka kabla ya wenzake, na ngumi zilikuwa zikirushwa mpaka majini.

Palikuwa pia na sharti moja lisilovunjwa. Hakuna neno lililopakwa rangi ubaoni kwa rai ya mtu mmoja. Karani aliandika, msimamizi akapekua, na msimamizi asiporidhika neno lile halikupanda. Karani alikuwa Ernesti, kijana wa Kishambaa aliyelelewa misheni huko milimani, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Msimamizi alikuwa Zubeiri, mzaliwa wa Pangani, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini na macho ya kutafuta kosa. Kazi ya kupekua aliipenda kuliko chakula. Mkewe, Kijakazi, alikuwa akisema kwamba mumewe ukimpa yai atauliza mlango wake uko wapi.

Miaka hiyo ya hamsini mkonge ulikuwa na thamani kuliko watu walioukata. Amri ya zamani ilikuwa nyepesi: aliyefika kwanza avuke kwanza. Lakini samaki wa Kipumbwi walioza nyuma ya malori ya mkaa, abiria wa basi walilala kivukoni na watoto wao, na wenye mashamba wakawa wanalalamika kwamba meli inawangoja Tanga na mkonge wao umekwama Bweni, ng'ambo ya mto. Ernesti akakaa akafikiri, akaja na amri mpya.

Aliisoma kibandani, mbele ya Zubeiri. Kwanza apite mgonjwa. Wa pili basi na gari la barua. Wa tatu samaki na vitu viozavyo. Wa nne mkonge. Wa mwisho yaliyobaki yote: nazi, mkaa, mbao, kuni. Na chini kabisa, sharti ambalo Zubeiri mwenyewe alilitaka liandikwe kwa herufi kubwa: HAKUNA NDUGU KIVUKONI.

Zubeiri alitoa kwenye kabati mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu wanazochezea bao, akazimwaga juu ya benchi. Kila komwe ikawa gari. Akazipanga foleni, akaanza kuzivusha mbili mbili kwa amri mpya, huku akiongeza nyingine nyuma kama magari yanavyofika. Hii samaki. Hii basi. Hizi mkonge. Ernesti alimtazama akitabasamu, maana alikwisha kumzoea.

Mchezo ulikwenda vizuri kwa muda. Halafu Zubeiri akaona komwe moja yenye doa jeusi, ambayo aliiweka tangu mwanzo iwe lori la nazi, iko pale pale. Kila ilipokaribia kupanda, ilifika nyingine yenye haki kubwa zaidi. Akavusha tena. Doa jeusi halikusogea.

"Karani," alisema, "huyu atavuka lini?"

"Foleni ikiisha, Bwana Zubeiri."

"Na isipoisha?"

"Jioni huisha. Wewe unazimwaga hizo komwe kama kwamba mkonge hauna mwisho."

"Siku ya meli hauna mwisho."

Ernesti alikuna kichwa. Alikubali kwamba siku ya meli gari la nazi litangoja sana. Lakini nazi haziozi, akasema, na mkaa hauozi, na dereva akichoka atalala chini ya lori lake. Zubeiri akauliza tena: na kama katika hilo lori la mwisho yumo mtu anayeumwa?

"Basi huyo ni wa kwanza, hata akiwa juu ya kuni," alisema Ernesti. "Ndiyo maana neno hilo nimeliweka juu kabisa. Kijana wetu Kombo atapita gari kwa gari kila safari, atauliza: mna mgonjwa? Wakisema wanaye, wanapanda. Nani atamficha mgonjwa?"

Zubeiri akalitazama lile neno, *mgonjwa*. Alilipekua mbele na nyuma. Aliona ni neno zima, la kila mtu, lisilo na kona ya kujificha mwizi. Akaliachia. Lile doa jeusi lilimkera bado, lakini jua lilikuwa linazama na Ernesti alikuwa amekwisha chovya brashi kwenye rangi, na mtu akipinga kila kitu mwishowe huonekana hapingi kitu. Akasema, "Haya, pandisha."

Ernesti sina la kumlaumu. Huko alikokulia mtu akiulizwa kama anaumwa husema anaumwa. Lakini Zubeiri! Zubeiri aliyezaliwa pale pale, akala kiapo cha kupekua, na asubuhi ile ile alikuwa ameulizwa na jirani, "Nyumbani hamjambo?" naye akajibu, "Hatujambo, hatuna mgonjwa," hali Kijakazi yuko ndani amejifunika shuka anatetemeka kwa homa. Alijibu bila ya kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu. Na kweli ilikuwa salamu.

Asubuhi ya pili, amri mpya ilipoanza kazi, Kijakazi alimsindikiza mumewe mpaka kizingitini. Homa ilikuwa imemwacha. Alitazama huku na huku, kisha akanong'ona.

"Asmahani anakuja leo. Lori la nazi la Mwinyijuma litamchukua kutoka Mwera. Bi Mboni yuko naye."

Asmahani alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa Mwera ng'ambo ya mto, na Bi Mboni ni mama wa mumewe. Mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia nyumbani kwa mama, hilo halina mjadala.

"Si tulisema baada ya wiki mbili?" Zubeiri aliuliza.

"Mwezi wake umeingia. Mwili wake haujui hesabu zako." Akamshika mkono wa kanzu. "Na usiende kulitangaza huko kivukoni. Sitaki macho ya watu yamtangulie mwanangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alitoka akiwa na jambo limemkaa kifuani. Lori la nazi! Katika magari yote ya Mungu, lori la nazi. Alipofika kibandani aliziona komwe bado ziko juu ya benchi, na ile yenye doa imebaki peke yake upande wa Bweni. Akazikusanya haraka akazirudisha mfukoni, kana kwamba mtu angemsoma.

Ilikuwa siku ya meli. Kabla ya jua kupanda sana malori ya mkonge yalikwisha jipanga ng'ambo, na yaliendelea kufika. Lori la Mwinyijuma Zubeiri alilijua kwa rangi yake ya kijani, lililofifia kama kisamvu kilichokauka. Lilifika kabla ya adhuhuri. Akaliona linasimama mkiani, na mzigo wa nazi umepanda juu, na mbele pamezibwa na bodi la mbao hata huwezi kujua nani yumo. Mto ni mpana. Ukitazama kutoka mjini unaona magari, sura za watu huzioni.

Pantoni ilikwenda ikarudi na mabasi. Ilikwenda ikarudi na samaki. Halafu mkonge na mkonge. Kila ilipogusa gati, Kombo, kijana mwenye kazi ya kupanga magari kule ng'ambo na kuyasindikiza, aliruka chini, na Zubeiri alikuwa amekwisha mfikia.

"Umeuliza mgonjwa?"

"Nimeuliza, Bwana Zubeiri. Gari kwa gari."

"Na hilo la kijani?"

"Na hilo. Wazima wote, alhamdulillahi."

Hapo Zubeiri alikuwa akishusha pumzi. Wazima. Kama kungekuwa na jambo wangesema, na wangesema wangepanda kwanza. Amri ilikuwa inafanya kazi. Alirudi kibandani akaketi, na kabla benchi halijapata joto hofu ilikwisha rudi ikaketi naye. Akasimama tena, akatazama ng'ambo. La kijani lilikuwa pale pale.

Angeweza kusema neno moja tu. Angeweza kumwambia Kombo, mle mna mwanangu, mpandishe. Alilifikiria neno hilo. Lakini juu ya kichwa chake paliandikwa HAKUNA NDUGU KIVUKONI, rangi hata haijakauka vizuri, na aliyelitaka liandikwe ni yeye. Siku ya kwanza! Madereva wangecheka mpaka Tanga. Tena alimwahidi Kijakazi kunyamaza. Ukichanganya haki na ahadi, mtu anaweza kukaa juu ya moto akasema amekaa vizuri.

Adhuhuri aliswali, na alipotoa salamu hakukumbuka ni sura gani aliyosoma.

"Bwana Zubeiri," Ernesti alimwambia, "leo una nini? Mbona huketi?"

"Sina kitu."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima. Hatuna mgonjwa."

Ernesti akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na furaha yake mwenyewe, masikini, maana samaki wa Kipumbwi walikuwa wamevuka wakiwa na macho maangavu na abiria wa basi walimpungia mkono. Amri yake ilikuwa nzuri. Kila aliyevuka aliisifu, na wasiovuka walikuwa mbali hawasikiki.

Malori mengine ya mkonge yakafika Bweni. Yakalipita la kijani, yakajipanga mbele. Zubeiri aliyatazama yakipita, akayahesabu moja moja. Sasa palikuwa na kitu cha rangi upande wa lori lile, kinapepea. Hakuweza kujua ni nini.

Baada ya alasiri pantoni ilirudi tena, na safari hii Kombo alishuka akicheka peke yake.

"Umeuliza?" Zubeiri akamwahi.

"Nimeuliza, na leo nimekoma kuuliza! Yule bi mkubwa wa kwenye lori la nazi amenitolea maneno, sijapata kuona. Namwambia kwa adabu zangu zote, shikamoo bibi, mna mgonjwa? Akanijia juu. 'Koma wee! Tangu asubuhi mgonjwa, mgonjwa! Hapa hapana mgonjwa wala hatumtaki. Usituchurie!'" Kombo alijipiga paja. "Usituchurie, anasema! Mimi na nazi zake!"

Zubeiri hakucheka. Neno lile alilijua. Kumchuria mtu ni kumtajia baya kabla halijamfika, ukamvutia kwa ulimi wako. Nazi hazichuriwi. Mkaa hauchuriwi. Huchuriwa mwari, huchuriwa msafiri, na zaidi ya wote huchuriwa mwanamke ambaye saa yake imefika. Na nani pwani hii aliyepata kumwita mwanamke mwenye uchungu mgonjwa? Mama yake Zubeiri asingelitamka. Kijakazi asingelitamka. Unamwita mgonjwa, halafu akiwa mgonjwa kweli utamlaumu nani? Kombo alikuwa amewauliza kutwa nzima swali ambalo mwanamke mwenye akili timamu hawezi kulijibu ila kwa "hatuna", na kila walipomlinda Asmahani kwa neno hilo, ndivyo walivyorudishwa nyuma.

"Kombo. Hicho kinachopepea pale ni nini?"

"Kanga. Wametundika kanga upande mzima. Kwa jua, nadhani."

"Upande wa kivuli?"

Kombo aligeuka, akatazama ng'ambo.

"Rudisha pantoni," alisema Zubeiri. "Hivi ilivyo. Tupu."

Upande wa mjini palikuwa na basi limekwisha washa moto, linangoja kupanda. Utingo wake akaruka chini akanyoosha mkono. "Tupu inakwenda wapi? Ubao unasemaje, msimamizi? Ubao unasemaje?" Zubeiri alimpita kama hakumwona. Ernesti alitoka kibandani na kalamu mkononi akaita jina lake, naye hakugeuka. Aliruka juu ya pantoni, akaishika kamba ya chuma iliyokatiza mto, ile ya kuvushia pantoni kwa mikono, akavuta pamoja na wavutaji. Alikuwa hajaivuta tangu ujana wake. Ilimchuna viganja, na mto siku ile haukuwa na ng'ambo. Alivuta na kuomba, akavuta na kumtukana Zubeiri, mpekuzi mkubwa, aliyeliona doa na akaliachia kwa sababu jua lilikuwa linazama.

Pantoni haijagusa sawasawa alikwisha ruka, maji yakamfika magotini. Alikimbia kando ya foleni, na kanzu ameikunja kiunoni, mtu mzima, msimamizi. Madereva waliokuwa wamelala chini ya malori waliinua vichwa. Mwinyijuma alikuwa amesimama mbali na lori lake mwenyewe, amelipa mgongo, anatazama kichaka, kama mwanamume anavyotakiwa.

Bi Mboni alitoka nyuma ya kanga. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

Zubeiri alitaka kuuliza vingine. Kutwa nzima neno moja tu lilikuwa mdomoni mwake, na ndilo lililotoka.

"Bi Mboni, kuna mgonjwa?"

Bi Mboni alimtazama. Hasira aliyomtolea Kombo haikuwamo tena usoni mwake.

"Sasa yupo," alisema.

Nyuma ya kanga Asmahani alikuwa amelala juu ya magunia, uso wake umepauka kama unga. Kando yake, ndani ya leso, mtoto alikuwa akilia kwa hasira, mzima, mwekundu, hana habari na foleni. Lakini magunia yalikuwa yameloa, na yalizidi kuloa, na Bi Mboni alisema damu haitaki kusimama.

"Tulingoja zamu yetu, Baba," Asmahani alisema. Ilibidi Zubeiri ainame ili amsikie. "Hatukumwambia mtu kuwa mimi ni wako."

Zubeiri akatoka, akapiga kelele ambayo Bweni nzima ilisikia, yeye mwenye sauti ya chini. "Mgonjwa! Nina mgonjwa! Nina mgonjwa hapa!" Lazima niisemee ile foleni. Wale madereva waliotukana ubao kutwa hawakuuliza neno. Malori ya mkonge yalirudishwa nyuma, moja lililokataa kuwaka likasukumwa na mabega mpaka likatoka njiani na kuingia mchangani. La kijani likashuka kwenye pantoni peke yake, na watu wasioajiriwa kivukoni waliishika kamba wakavuta. Ng'ambo ya mjini utingo wa basi alikuwa amekwisha liondoa basi lake. Ernesti alikuwa amekimbilia hospitali, akarudi na machela.

Siku iliyofuata Zubeiri alikwenda kivukoni moja kwa moja kutoka hospitali. Asmahani alikuwa amekunywa vijiko viwili vya uji. Daktari alisema damu imesimama, akasema pia kwamba asithubutu mtu kumwambia mambo yamekwisha. Kijakazi alikuwa ameketi na mjukuu mapajani, na hakumwambia mumewe neno baya hata moja, na afadhali angemwambia.

Zubeiri alimkuta Ernesti mbele ya ubao. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amekwisha andika kwenye karatasi kwamba gari lolote lililopitwa mara tatu lipande, liwe na mzigo wowote. Zubeiri akamwaga komwe juu ya benchi, akazivusha na viganja vyake vilivyofungwa matambara, akazivusha tena, akamwaga siku ya meli nzima. Safari hii doa jeusi lilivuka. Akalivusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Pandisha," alisema mwishowe.

"Na hilo la juu?" Ernesti aliuliza. Alikuwa amelikwangua neno *mgonjwa*, na mahali pake palikuwa wazi. "Niandike nini? Niambie neno ambalo Bi Mboni angekubali kulisema, nitaliandika."

Zubeiri alifikiri. Alipita lugha yake yote, nyumba kwa nyumba, na kila neno alilolikuta lilikuwa limejifunika kanga.

"Tusiulize neno," alisema. "Kombo asiulize kitu. Awaambie wanawake tu kwamba wasioweza kungoja washuke wasimame kando, wala hawataulizwa sababu."

Ernesti alilirudia polepole, akilipima. Wote wawili hawakuwa na hakika nalo. Wakakubaliana lisipande leo, lilazwe kwanza, kila mtu alipekue kwao, Zubeiri kwa Kijakazi na Bi Mboni, na Ernesti popote atakapopata mwanamke wa kumuuliza.

Hapo ndipo Kombo alipofika kazini. Usiku ule hakulala, ilionekana. Alisimama mbali kidogo, hajui pa kuiweka mikono yake, kisha akafanya anachofanya kila asubuhi.

"Shikamoo, Bwana Zubeiri."

"Marahaba."

"Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo, hatuna mgo..."

Mdomo ulikuwa umekwisha kwenda wenyewe. Zubeiri aliukamata njiani. Alisimama pale na neno nusu, mbele ya ubao wenye pengo, akasikia moyo wake unavyokataa kulisema lile jingine, kana kwamba akilisema litamsikia na kwenda hospitali.

"Tunaye," alisema. "Tunaye mgonjwa, Kombo. Ni mwanangu."